Shuka la Jumanne

Mtaa ule ulikuwa na kamba iliyotazamwa kuliko saa. Ilifungwa kutoka dirisha la Bibi Mkunga mpaka kwenye nguzo ya taa, na kila asubuhi wanawake waliokwenda sokoni au kazini waliinua macho kwanza. Wakiona shuka limetundikwa linachuruzika maji, walisema, "Bibi keshaoshwa," wakapita na roho nyeupe. Ikifika saa nne halipo, mtu aligeuza njia akauliza dirishani kuna nini.

Bibi Mkunga alikuwa amepooza upande wa kulia. Mwanawe ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo. Na nusu ya watoto wa mtaa ule Bibi ndiye aliyewapokea kwa mikono yake, tena wengine kwa ahsante tu. Basi alipoanguka, wanawake saba waligawana siku saba. Siku yako ikifika unamwogesha, unamgeuza ubavu, unabadilisha shuka na kulifua lililochafuka, unamlisha asubuhi na jioni. Usiku mpangaji wa chumba cha pili humsikilizia akiomba maji. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyeuliza malipo.

Wazo la kamba lilitoka kwa Fundi. Fundi wa cherehani huyu, mama wa binti mmoja wa miaka kumi na mitatu, alikuwa mtu wa mbele. Msiba ukitokea yeye wa kwanza kujifunga kibwebwe, mgonjwa akilazwa yeye wa kwanza kuuliza nani anapeleka chakula. Mama wa Duka, ambaye ulimi wake unakata bila kunolewa, alimwita King'ora, maana anafika kabla ya gari la wagonjwa.

"Tusipeane maneno ya mdomo," Fundi alisema siku ile walipogawana zamu. "Mdomo unadanganya, shuka halidanganyi. Ukimaliza kazi tundika mbele, mtaa uone."

Wakampigia makofi. Yeye mwenyewe akachukua Jumanne, akatoa na mashuka mawili meupe aliyoyapinda ncha vizuri, yakawekwa na mengine safi kwenye kapu la ukumbini, karibu na mlango.

Shuka halidanganyi. Maneno hayo yalikuja kumrudia baadaye kama mwiba wa samaki kooni.

Mambo yalianza msimu wa sare za shule. Jumanne moja asubuhi wateja wanne walikuwa wamekaa barazani kwake wakingoja sketi. Alikimbia kwa Bibi, sindano bado imechomekwa kifuani, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Akasikia Bibi anakohoa chumbani. Kapu lile pale, ni kunyoosha mkono tu. Akachukua shuka jeupe, safi, akatoka nalo uani, akalilowesha bombani, akalikamua, akalitundika. Nitarudi saa sita, alijiambia. Saa sita ikawa saa tisa, saa tisa ikawa jioni. Jioni alikwenda na uji, akamlisha Bibi kijiko kwa kijiko. Chumba kilinuka. Hakumfunua kutazama chini, alifungua dirisha.

"Umechoka, mwanangu," Bibi alisema kwa mdomo wake uliopinda, maneno yakitoka moja moja.

"Kazi, Bibi. We acha tu."

"Pole."

Ile pole alitembea nayo mpaka kwake ikimwasha kama upupu. Lakini kesho yake hakuna aliyemwuliza kitu. Mteja mmoja hata alimsifu: shuka lako la jana, shoga, jeupe kama pamba! Akacheka kidogo. Jumanne iliyofuata haikumwasha sana. Uongo ni kama kiatu kipya, hubana siku ya kwanza.

Jumanne ya tatu hata zile hatua za kwenda zikawa nyingi. Alimwita binti yake aliyekuwa anatoka kwenda shule.

"Pita kwa Bibi. Msalimie dirishani, kisha chukua shuka kwenye kapu ulitundike. Lakini liloweshe kwanza."

"Nilifue?"

"Ni safi hilo. Lowesha tu."

Binti alisimama na mkoba begani. "Sasa mama, kama ni safi, linaloweshwa la nini?"

"Nenda, utachelewa. Mimi nitampitia baadaye."

Mtoto si mjinga. Alimtazama mamaye, akamtazama tena, halafu kicheko kikamtoka puani, kile cha mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato. Akaenda. Tangu siku hiyo hakuwa na haja ya kuambiwa. Jumanne alikwenda mwenyewe, akarudi akapitisha kichwa dirishani kwa mamaye na kusema, "Tayari," na mamaye akajibu, "Asante mwanangu," macho yakiwa kwenye mshono.

Wenzangu mnaolea, hapo ndipo. Tunadhani mtoto anafundishwa siku ile tunapomketisha chini na kumwambia uongo ni mbaya. Kumbe somo lake huwa limekwisha zamani, sisi tukiwa tumeinama tunashona.

Jumatano ilikuwa zamu ya Mama Makaa. Yeye anauza mkaa kwenye kona, na kucha zake hazitakati hata asugue kwa majivu na limau. Wiki ya saba tangu sare zianze alimgeuza Bibi, akaona wekundu uliokuwa kwenye nyonga umepasuka kuwa kidonda, kipana kama kiganja cha mtoto, chekundu katikati na cheusi pembeni. Akakimbia zahanati akarudi na muuguzi.

Muuguzi alikisafisha, akavua glavu, akawatazama wanawake waliokuwa wamejaa mlangoni. "Hiki hakikuja kwa siku moja. Mgonjwa analala juu ya mkojo, wala hageuzwi. Ninyi mnapeana zamu au mnapeana umbea?"

Alasiri ile ile walikaa uani kwa Bibi, wote saba. Binti wa Fundi alikuwa pale, ametumwa kuleta viti.

Mama wa Duka ndiye aliyeanza. "Jumatatu ni mimi, na ninamgeuza kwa mikono hii. Jumanne sote tunaliona shuka la Fundi, saa moja na nusu limeshaning'inia. Jumatano sasa." Akamgeukia Mama Makaa. "Mwenzangu, wewe shuka lako linatoka saa tano. Saa sita. Wiki iliyopita nilifunga duka kwenda kuswali adhuhuri bado kamba tupu. Unakuwa unafanya nini humo ndani?"

"Nafua," alisema Mama Makaa.

"Shuka moja, mpaka saa sita?"

"Labda anafua kwanza ile mikono," mtu akasema nyuma, wakacheka.

"Fundi, useme basi. Wazo lilikuwa lako," Mama wa Duka akasema.

Wote wakamtazama. Hapo palikuwa na mlango, wazi kabisa, na Fundi aliuona. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Akasikia sauti inatoka, kumbe ni yake: "Mimi nasema... kazi ya mgonjwa inataka usafi. Tuwaangalie vizuri tunaowapa zamu."

Mama Makaa aliinua uso akamtazama. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto wa mwenzio aliyejikojolea mbele za wageni.

Kutoka dirishani ikasikika sauti ya Bibi, nzito, inajikokota. "Wote... wanangu. Wote wazuri."

"Bibi anamsitiri," Mama wa Duka alisema. "Ndivyo alivyo."

Mama Makaa akasimama, akajikung'uta gauni. "Sawa. Nitoeni. Ila huyo mtakayempa Jumatano, mwambieni awahi. Tena aje na sabuni ya siku mbili."

"Siku mbili za nini?"

"Atajua akifika." Akaondoka zake.

Wengine walidhani ni kisirani cha mtu aliyefukuzwa. Fundi alielewa, peke yake katika ua mzima. Wiki saba, kila Jumatano, mwanamke yule alimkuta Bibi juu ya shuka lile lile lililotandikwa Jumatatu. Akafua uchafu wa siku mbili, akaanika godoro, akakausha, akatandika, akachelewa. Akasemwa kwa kuchelewa. Na hakufungua kinywa.

Njiani kurudi nyumbani binti yake alimshika mkono, akajibana ubavuni mwake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Mama," alinong'ona, "tumepona!"

"Tumepona nini?"

"Si wamemtoa yeye! Hawajatujua. Tena mama umewajibu vizuri, mimi moyo ulikuwa unanienda mbio." Na kicheko kile cha puani kikamtoka.

Fundi alisimama katikati ya njia. Mtu wa baiskeli akampigia kengele, akampita akimtukana. Alikuwa anamtazama mtoto wake usoni, uso mzuri, mkavu, hauna hata chembe ya aibu. Alikumbuka usiku aliomzaa. Yeye mwenyewe alikuwa bado msichana, amebana magoti kwa haya, na Bibi Mkunga alimpiga kofi la paja: "Mficha uchi hazai, mwanangu. Fungua, twende kazi." Akafungua, akazaliwa huyu.

Akamkamata binti mkono akageuka naye.

"Mama, tunakwenda wapi? Mama!"

Wanawake walikuwa bado uani, wanakunja viti.

"King'ora, umesahau nini?" aliuliza Mama wa Duka.

Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, ya wateja na sare na maisha magumu. Yote yakamkimbia. "Jumanne simwoshi Bibi," alisema.

"Jana hukumwosha?"

"Jumanne zote. Tangu sare zianze."

Maji yalidondoka bombani, mtu akalikaza.

"Na shuka?"

"Nalilowesha tu, nikatundika. Halafu nikamfundisha huyu, akawa ananitundikia." Binti alijaribu kuchomoa mkono, mamaye akaubana. "Mama Makaa ndiye aliyekuwa ananifulia."

Alingoja matusi. Angeyapokea yote, hata yangempunguzia mzigo. Lakini Mama wa Duka, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikaa tena kwenye kiti alichokuwa akikikunja na kushika kichwa. "Na mimi nimemsema mwenzangu," alisema. "Mbele za watu." Wengine waliokota mikoba yao wakatoka mmoja mmoja, wakimpitia Fundi kwa mbali kidogo, kama mtu mwenye rangi mbichi nguoni.

Mama na binti walimkuta Mama Makaa kwenye kona yake anajaza makopo.

"Nimewaambia," Fundi alisema.

"Vizuri."

"Kwa nini wewe hukunisema?"

"Nikuseme nini? Nilidhani utaona haya mwenyewe. Nikakupa wiki. Nikakupa na nyingine." Alisawazisha mkaa juu ya kopo kwa kiganja. "Na kosa langu lipo hapo, usidhani sina. Nilikuwa nakusitiri wewe mzima, kumbe mgonjwa anaoza."

Fundi akaanza kulia.

"Usinililie hapa, dada. Utaniloweshea mkaa, na wewe kulowesha ndiyo kazi yako."

Binti alitazama chini. Safari hii hakucheka.

Wenzake walitaka kumwondoa Fundi kwenye Jumanne. Bibi ndiye aliyekataa. "Jumanne... aje," alisema, na hakusema zaidi. Mama Makaa walimrudishia Jumatano yake, naye hakungoja kubembelezwa.

Jumanne iliyofuata Fundi aliamka kabla ya jua, akawaambia wateja wasije mpaka mchana. Mama Makaa alikuwapo, amekuja bila kuitwa, kaegemea mlango, mikono kifuani. Wakamgeuza Bibi, mama na binti, taratibu. Binti alipoona kidonda akageuza uso ukutani.

"Tazama," mamaye alisema.

"Mama, siwezi..."

"Tazama. Hiki tumekishona sisi wawili."

Akatazama. Akashika beseni. Bibi akamsikia anavyopumua, akanyoosha mkono wake mmoja mzima, akakunjua kiganja.

"Ulikuwa hivi," alimwambia. "Mjukuu wangu. Hivi tu."

Basi binti akalia, kilio cha kelele, kamasi na yote, beseni bado mikononi, na mamaye hakumnyamazisha.

Walipomaliza kufua, binti alikuja na shuka begani, limejaa maji, limemlowesha mgongo wote. "Nilitundike mbele?"

"Uani," Fundi alisema. "Nyuma kule, penye jua."

Saa nne kamba ya mbele ilikuwa tupu. Sauti zikasikika njiani: "Leo Jumanne hakuna kitu? King'ora kimezimika kabisa!" Binti akainuka aende dirishani kuwajibu. Mamaye akatikisa kichwa, akaendelea kumlisha Bibi uji.

Baadaye kidogo Mama wa Duka aliingia. Hakubisha hodi mara mbili. Alimsalimia Bibi, hakumsalimia Fundi, akaenda moja kwa moja kitandani akashika ncha ya shuka alifunue atazame. Fundi akasogea kumpisha, kijiko mkononi, akasimama ukutani kando ya binti yake, wakangoja wakaguliwe.