Kusagika Si Kuoza

"Jirani, huyo aliyesimama mlangoni kwako si marehemu mumeo?" jirani aliuliza siku moja juu ya ua, beseni la nguo likiwa kiunoni.

"Ndiye," Mama Shimo akajibu.

"Basi mwambie akiona mawingu aniite. Nguo zangu ziko nje."

Marehemu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amezikwa miaka mitatu iliyopita, na sanda yake ilikuwa nyeupe kama iliyotoka dukani jana. Hata kovu la kidole gumba lilikuwa palepale. Mkewe akampa kigoda.

"Udongo haunitaki, mama watoto," alisema. "Nimelalia ubavu huu, nimelalia huu. Minyoo inakuja, inaninusa, inakwenda zake."

"Pole, baba watoto. Umeikosea nini?"

"Nilivuta pumzi kazini, basi."

Mama Shimo hakuhitaji maelezo zaidi. Kiwanda alichofanyia kazi mumewe kilitengeneza mifuko ya plastiki ya wanga wa mahindi, yenye maandishi ya kijani: HUOZA KWA SIKU TISINI. Zamani ilioza kweli. Kisha ukaletwa unga wa madini ya fedha, laini kuliko vumbi; ukiumwaga kiganjani huoni kitu, unahisi ubaridi tu. Ukichanganywa kwenye mfuko, mkate hauoti ukungu. Mumewe aliuchanganya unga huo miaka kumi na mmoja, kinga yake leso ya kujifunga puani.

Alipokufa, kiwanda kilimpa mjane kazi ya mashimo ya majaribio. Katika shimo la kushoto ilizikwa mifuko isiyo na unga, la kulia yenye unga. Kila siku ya tisini alifukua, akapitisha udongo kwenye chekeche, akaandika daftarini. Kanuni ilikuwa moja: kilichopita kwenye chekeche kimeoza.

Shimo la kushoto lilijaa minyoo, na mfuko hauonekani hata ukiutafuta kwa mshumaa. La kulia lilikuwa kimya. Hakuna mdudu, hakuna harufu. Mifuko ilikatikakatika ikawa kama magamba ya samaki, ikapita kwenye matundu, ikabaki inang'aa chini. Na yeye, kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la saba, aliandika "imeoza". Miaka mitatu.

Jioni ile alisali kuliko siku zote. Asubuhi akaenda kazini na marehemu.

Mlinzi wa getini akauliza kitambulisho, akaambiwa kilizikwa. Akaandika kitabuni: mgeni mmoja.

Meneja alikuwa ofisini na ripoti mezani. Nje lori limeshapakiwa mifuko yenye unga, linanguruma, linangoja karatasi.

"Saini hapa, Mama Shimo. Mteja ana haraka."

"Sisaini. Haijaoza."

"Si imepita kwenye chekeche?"

"Imesagika. Kusagika si kuoza, bwana mkubwa. Mahindi yakisagwa ni unga, hayajawa udongo. Muulize huyu."

Meneja akamtazama marehemu. Alimkumbuka, alikuwa mtu asiyechelewa kazini. Akaagiza chekeche iletwe. Marehemu akainua sanda kidogo, akapanda juu yake, akasimama. Hakupita.

"Basi huyu hajaoza," meneja akasema bila upendeleo. "Lakini mifuko imepita. Kanuni ni kanuni. Tena mwandiko wa miaka yote hii ni wako."

"Ni wangu. Nilikosea. Mungu nimeshamwambia, leo nawaambia ninyi."

Akavuta daftari na kalamu. Kila palipoandikwa "imeoza" kwa shimo la kulia, akakata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: "ipo". Akageuza ukurasa, akakata tena. Hakuharakisha. Marehemu alimshikia kurasa zisirudi.

"Ukimaliza, huna kazi," meneja akasema.

"Nimemzika mume huyu mara moja, na sasa itabidi nimzike tena. Wewe utanitisha na nini?"

Alipomaliza, meneja akamwita karani. Karani akafungua daftari jipya, akaandika "imeoza" toka ukurasa wa kwanza, akasaini ripoti. Lori likatoka na mifuko yake yenye maandishi ya kijani. Vumbi lake likatua juu ya sanda, ikabaki nyeupe.

Mama Shimo alikwenda kwenye shimo la kushoto. Akapiga magoti, akajaza ndoo udongo ulio hai, minyoo ikijinyonganyonga juu. Marehemu akauinamia, akaunusa kama mtu anayenusa mkate, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

"Huo udongo ni mali ya kiwanda!" meneja akapaza sauti dirishani.

Mama Shimo akakunja kanga kuwa kata ya kichwani, akajitwisha ndoo. Akamshika mumewe mkono, wakapita getini mbele ya mlinzi, wakaelekea makaburini.