Mabakuli Arobaini ya Bi Sugiura

Bi Sugiura Tokie alifika kwenye klabu yetu ya kompyuta za zamani Jumapili ya pili ya Aprili akiwa amebeba kompyuta ya mwaka 1983. Aliifunga kwa kitambaa cha zambarau, kama mtu anayepeleka keki kwa wakwe. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na alipika chakula cha mchana katika shule moja ya msingi hapa Hamamatsu, Japani.

Tulikuwa watu sita katika ukumbi wa mtaa, ghorofa ya pili. Sote wanaume, sote tumepita sitini. Miaka kumi nyuma tulikuwa ishirini na wanane, na najua kwa nini tulipungua. Bwana Kumagai, fundi wetu mkuu, anaijua Z80, prosesa iliyomo ndani ya mashine zile za zamani, kuliko anavyoijua nyumba yake. Kwa asiyeijua hakuwa na subira. Mgeni akileta programu yake ya kwanza, Kumagai alichomoa kalamu nyekundu hata kabla mashine haijawashwa. Sisi wengine tulicheka. Mimi Nonaka, katibu wa klabu, nilicheka pamoja nao. Mgeni hakurudi.

"Umewahi kuandika lugha ya asembli, ile ya prosesa yenyewe?" Kumagai alimuuliza.

"Hapana. Lakini nimeisoma kwa sauti."

Tukatazamana.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," Bi Sugiura akasema. "Magazeti ya kompyuta yalikuwa yanachapisha michezo, kurasa nane za namba na herufi tupu. Mimi nasoma, kaka yangu anachapa. Tatu E, sifuri tano. Hiyo ilikuwa inajirudia sana. Nikiomba kugusa kibodi ananiambia, 'Wewe soma tu, usije ukaharibu.' Basi nimekuja kujua nilikuwa nasoma nini."

Hata Kumagai alilainika kidogo. Akachukua karatasi. "Tatu E maana yake ni 'weka ndani ya A'. A ni kijisanduku kimoja ndani ya prosesa. Sifuri tano ni ile tano inayowekwa."

"Kwa hiyo ilikuwa sentensi."

"Ilikuwa sentensi."

"Miaka arobaini nilidhani ni kelele," akasema, na akaomba kalamu aandike.

Nikapewa kazi ya kumfundisha. Alishika haraka, ila alichagua mlima mrefu: alitaka kutengeneza mchezo. Kuna sufuria, kuna upawa, kuna mabakuli arobaini ya darasa moja, na mchezaji anatakiwa kuyajaza yote kabla kengele haijalia. Tuna meza yetu kila Novemba kwenye tamasha la ukumbi, na yeye alitaka mchezo uwe pale.

Juni alituonyesha alipofikia. Bakuli la kwanza likajaa, la pili likajaa, kisha supu ikaanza kumiminika yenyewe. Ikajaza mabakuli ambayo hayakuwepo, ikavuka ukingo wa skrini, ikaandika juu ya programu yenyewe, mashine ikaganda.

"Sugiura-san," Kumagai akasema, "hii siyo programu. Ni supu iliyomwagika."

Wenzangu wakaanza kucheka.

"Supu naijua, Kumagai-san." Hakupandisha sauti. "Napika ya watu mia sita kila siku. Ikimwagika hatumcheki aliyeshika sufuria. Tunauliza kama kuna aliyeungua, halafu tunapiga deki. Sasa nionyeshe imemwagikia wapi."

Kicheko kikafa. Kumagai alikuwa ameshashika ile kalamu nyekundu. Akaiweka mezani, akavuta kiti. Baada ya dakika chache akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa. Umeiambia irudie mara sifuri. Lakini hii prosesa inapunguza moja kwanza, ndipo inauliza kama imefika sifuri. Ukianzia sifuri, inazunguka hadi mia mbili hamsini na tano na kuendelea kushuka. Kwa hiyo imechota mara mia mbili hamsini na sita."

"Yaani inachota kabla ya kuangalia kama kuna bakuli?"

"Ndiyo hivyo."

"Nina wasaidizi wa namna hiyo," Bi Sugiura akasema. Safari hii tulicheka naye.

Julai akaja mgeni mwingine, kinyozi mmoja aitwaye Ishiguro. Programu yake ilichora mstari mmoja, basi. Alikuwa amekunja karatasi yake mara nne. Kumagai, kwa mazoea, akaifungua na kuanza kuichora wekundu.

"Ngoja kwanza," Bi Sugiura akasema. "Iendeshwe tuione."

Tukaichapa, tukaiendesha. Mstari ukatokea polepole, umepinda katikati. Bi Sugiura akapiga makofi, peke yake, na kwa muda mfupi ilikuwa aibu tupu. Kisha nami nikapiga, wengine wakafuata. Ishiguro akawa mwekundu mpaka masikio.

"Sasa mkosoe," Bi Sugiura akamwambia Kumagai. "Sasa ataweza kukusikia."

Agosti Ishiguro alirudi. Kwetu sisi hiyo ilikuwa habari kubwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa bado una tatizo. Supu haikumwagika tena, lakini kila upawa ulipomimina, skrini nzima ilipepesa kama taa mbovu, na kila kitu kilikwenda kwa kujikokota. Septemba Kumagai alimwandikia Bi Sugiura kurasa tano za njia yake mwenyewe ya kuchora skrini yote kwa kasi. Ilikuwa kazi ya fundi kwelikweli. "Andika upya kwa njia hii," akamwambia. "Vinginevyo usiupeleke kwenye tamasha, utatuaibisha."

Alihangaika nazo wiki mbili. Nilimwona Jumapili moja sokoni amebeba vitunguu, macho yamemwingia ndani. Aliniambia kwamba anaelewa kila mstari peke yake lakini haelewi yote pamoja, na kwamba pengine kaka yake alikuwa sahihi. Nilimwambia tu kwamba Ishiguro amekuwa akiuliza kama yeye atakuja tena klabuni.

Siku tatu baadaye akanipigia simu akiwa jikoni kwake shuleni. Nilisikia masufuria yakigongana.

"Nonaka-san, hivi nimekuwa naosha mabakuli yote arobaini kila linapojaa moja. Nani anafanya hivyo? Anayekuja kwangu akafanya hivyo namrudisha nyumbani. Kwenye skrini pia, limebadilika moja, nachora hilo moja."

Oktoba akaweka mashine mezani. Upawa ukapita, bakuli likajaa, mvuke ukapanda, na skrini ikatulia kama maji ya kwenye beseni. Kumagai akaomba msimbo wake. Akahesabu kwa penseli mapigo ya prosesa, ndiyo kipimo cha kasi yake, mstari kwa mstari, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Nionyeshe tena," akasema.

Akamwonyesha.

"Inaishinda yangu mara sita. Na hii njia naijua, Sugiura-san. Naijua tangu ujana. Nilikuwa nakutafutia njia ya kishujaa." Akafuta miwani yake. "Nisamehe zile kurasa tano."

"Nimezihifadhi," Bi Sugiura akasema. "Nitazielewa tu."

Kwenye tamasha huwa tunawekwa kati ya meza ya maandishi ya brashi na meza ya miti midogo ya vyunguni. Miaka yote watu hutujia kuuliza choo kiko wapi. Mwaka huu bibi mmoja wa maandishi ya brashi alikaa kwanza, akamwaga supu mara nne, akagoma kunyanyuka. Kisha wakaja watoto wa shule. "Ni yule mama wa jikoni," mmoja akanong'ona, na habari ikashuka ngazi. Kufikia saa sita foleni ilifika mlango wa chini. Hakuna aliyefikisha mabakuli arobaini. Ishiguro alifika ishirini na tisa, wakampigia makofi kama mwanamieleka.

Baba mmoja akamuuliza Kumagai kama ndiye aliyetengeneza. Nilimwangalia. Alisimama, akageukia foleni nzima.

"Aliyeandika ni huyu mama," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Kila mstari, kwa lugha ya mashine yenyewe. Mimi nimekuwa nikifanya kazi hii miaka arobaini na moja, na nimejifunza kwake."

Akamwinamia kiunoni kabisa. Bi Sugiura akainama naye, upawa wa plastiki aliouleta kwa mapambo ukiwa bado mkononi, na watu wakashangilia bila kujua vizuri wanashangilia nini.

Watu kumi na mmoja waliandika majina kwenye daftari letu la kujiunga. Wanne ni wanawake wa jikoni kwake.

Saa kumi na moja mlinzi akapanda kuzima taa. Foleni ilikuwa bado ndefu, na Kumagai alikuwa ameketi kwenye kiti akiwa amejaza mabakuli thelathini na sita. Tukamwomba mlinzi dakika kumi. Akaangalia skrini, akatupatia dakika zetu, kisha akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho.