Macho ya Mlinzi wa Kaskazini

Mwaka wa ukarabati, mungu wetu Mama Kuzhali hakuwemo hekaluni mwake. Makuhani walikuwa wamemtoa yeye na walinzi wake wote, wakawaweka ndani ya chungu cha maji kilichozungushiwa uzi, na chungu wakakitunza kwenye kibanda cha makuti uani. Ndivyo inavyofanywa siku zote. Huwezi kumpiga mungu patasi akiwa ndani. Kwa hiyo sanamu za mnara wa hekalu, mamia kwa mamia, zilikuwa nyumba tupu, nasi tukazikwangua, tukazipiga lipu na kuzipaka rangi kama mtu anavyopaka kabati.

Macho tu hayakuguswa. Macho hupakwa mwisho, asubuhi ya sherehe, na Fundi Mkuu peke yake, akiwa ameipa sanamu mgongo na kuiangalia kwenye kioo.

Mimi nilikuwa saidia fundi, napandisha karai la chokaa kichwani. Kaka yangu Irulappan alikuwa fundi wa rangi. Miezi ile alikuwa akimpaka Mlinzi wa Kaskazini, jitu la kike lenye meno nje na rungu begani. Watu husema fundi aliyemjenga mara ya kwanza alimfungua macho kwa rangi kabla ya wakati, na jicho lile likaangukia kijiji cha ng'ambo ya mto. Leo pale pana mawe ya kusagia tu, na mbuzi hawali majani yake.

Basi Fundi Mkuu akafiwa na ndugu yake, na mwenye msiba hakanyagi hekaluni. Akatuachia kazi.

Mchana mmoja wifi yangu Sornam alileta uji wa wimbi na vitunguu. Akasimama chini ya jukwaa la mianzi, mkono kiunoni, akamwita mumewe kwa sauti ya kusikika soko zima.

"Wee baba! Mwaka mzima unapaka matako ya majitu, macho hupewi?"

Mafundi wakaangua kicheko.

"Shuka ule, fundi wa matako!"

"Subiri uone," kaka akajibu kutoka juu.

Nilidhani anatania. Sote tulidhani hivyo. Tukanawa, tukaanza kula, naye hakushuka. Uji wake ukaota ngozi juu. Nikapanda kumwita.

Nilimkuta amesimama uso kwa uso na Mlinzi, brashi mkononi inadondosha rangi nyeusi kwenye vidole vya miguu yake. Mimi jitu lile sikulitazama. Nilitazama mgongo wa kaka.

"Kaka, shuka. Uji unapoa."

"Nashuka," akasema. Hakusogea.

"Kaka."

"Ponnuthayi, niko wapi?"

"Uko juu, kwenye jukwaa."

"Mbona naona utosi wangu?" Akacheka kidogo. "Naanza kipara. Hukuniambia."

Wanaume wanne walimfunga kamba, wakamshusha kama gunia. Tukamlaza ukumbini, kwenye nguzo zilizochongwa farasi. Macho yake yalikuwa wazi, makavu, lakini hayakutuona. Alituhadithia tu anachokiona: kunguru juu ya paa la jikoni la hekalu, wachuuzi wa jasmini barabarani, chungu kibandani na maji yake yanayotikisika bila mtu kukigusa.

Sornam akamshika mashavu. "Nitazame mimi!"

"Siwezi. Paa limekuficha, Sornam. Toka kwenye nguzo uende uani." Akatoka, analia, na kaka akaendelea: "Sasa naona njia ya nywele zako na rangi yake nyekundu ya ndoa. Basi."

Tukamwita Fundi Mkuu. Alikuja akasimama barabarani, nje ya lango, kichwa kimenyolewa kwa msiba, akaongea nasi kutoka huko huko.

"Mama yuko wapi?"

"Chunguni, Mzee."

"Na walinzi wake?"

"Chunguni."

"Basi mle ameingia mwingine. Nyumba tupu, fundi wenu ameifungulia madirisha. Alitegemea nini?"

"Tufute rangi?" Sornam akauliza.

"Ukiifuta, umefuta macho ya mumeo. Yamo mle mle. Yafunikeni kwa nta ya nyuki, yalale hadi maji ya chungu yamwagwe. Siku hiyo mwenye nyumba atamtoa mpangaji. Yeyote atakayepanda asimtazame ana kwa ana."

Wanaume wakaanza kuangalia miguu yao. Mmoja alikumbuka mgongo wake unauma. Nikachukua nta, nikachukua kioo cha kunyolea cha kaka, nikapanda.

Jukwaani nilirudi kinyumenyume, visigino vikitafuta mianzi. Chini nilimsikia kaka akipiga kelele.

"Namwona! Naona kisogo chake! Ponnuthayi, usigeuke. Ana hamu ugeuke."

Nikainua kioo. Nilitarajia kuona rangi. Macho yale hayakuwa rangi. Yalikuwa na maji, na pembeni palikuwa na ule mshipa mwekundu wa kaka yangu, ule anaoupata akikosa usingizi. Nikapeleka mkono nyuma, nikabandika nta kwenye jicho la kwanza, nikakandamiza kwa dole gumba. Chini ya nta kitu kikasukuma, kama kope ya mtoto anayekataa kulala. Nikashikilia hadi kikatulia. La pili halikusukuma. Lilingoja tu.

"Giza," kaka akasema huko chini. "Nashukuru, mdogo wangu."

Alikaa kipofu hadi sherehe. Sornam alimlisha, akamwogesha, wala hakumtania hata siku moja, na nyumba isiyo na utani wake ilikuwa kama ina maiti.

Siku ya sherehe mji ulijaa hadi mapaani. Makuhani wakapandisha chungu mnarani, ngoma na tarumbeta zikalia, wote tukatazama juu kumngoja tai, ishara kwamba Mama yuko tayari kurudi. Akaja, akazunguka ncha ya mnara, watu wakapiga mayowe, na maji yakamwagwa. Fundi Mkuu, msiba wake umekwisha, akabandua nta akiwa ameipa sanamu mgongo, kioo mkononi. Kisha akaanza kushuka, nami nikakimbia nyumbani.

Kaka alikuwa ameketi mkekani. Macho yake yana nuru.

"Mume wangu," Sornam akasema, "unaniona?"

"Naona miguu yako. Kucha zimekuwa ndefu kama za popo."

Sornam akacheka na kulia pamoja. Lakini mimi nilikuwa namwangalia kaka. Ili aufikie uso wa mkewe, alilaza kichwa nyuma kabisa, hadi koo likanyooka, na bado macho yalikuwa yameelekea chini, yamebaki chini, kama ya sanamu zote zilizojengwa juu mnarani kuangalia watu. Hayakupanda. Alijaribu tena. Hayakupanda.

Tukamshika kwapani, tukamketisha juu ya kibaraza, penye urefu wa kifua cha mtu. Sornam akashuka, akakaa ardhini mbele yake, akainua uso.

"Na sasa?"

"Sasa nakuona," kaka akasema.

Nami nikakaa chini kando ya wifi yangu.