Bei ya Rweya

Kokubanza alikuwa akikata nyasi za kutandika nyumbani, huko juu kwenye rweya, ule uwanda wa majani ulio mgongoni mwa Kamachumu, Rwekaza alipomfuata na fomu yake.

Rwekaza, mtaalamu kutoka Bukoba mjini, alikuwa akipita na swali moja: ulipwe shilingi ngapi kwa mwaka, ukubali rweya ipandwe miti ya paina? Majibu yakijumlishwa yakawa chini ya faida ya paina, basi rweya imekwisha.

"Sina bei," alisema Kokubanza.

Kwa adabu zote Rwekaza akamweleza kwamba asiyetaja bei, jibu lake huondolewa. Hesabu huendelea kana kwamba hakuulizwa.

"Waitu! Nikitaja nimeuza, nikikataa sikuzaliwa. Fomu yako iliamua kabla hujapanda kilima, mjukuu wangu. Haya, kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Shamba langu silimi, sipandi, sipalilii, na wavunaji hawakosi."

Rwekaza akabahatisha ziwa, akabahatisha msitu, akafika hata kanisani. Mwishowe akasalimu amri. Bibi akadai mji, kama ilivyo desturi, naye akampa Bukoba.

"Bukoba nzima, na soko lake," Bibi akacheka, "wala hukuuliza bei. Jibu ni hapa ulipokanyaga."

Hakumaliza kucheka, senene, wale panzi wa kuliwa, wakaanza kushuka. Walidondoka majanini kijani kwa kahawia, na mara wanawake wakapanda kilima mbio na ndoo, vilemba vikiwaanguka. Rwekaza akaikunja fomu, akavua kofia, akakimbizana na senene kama mwendawazimu mpaka kofia ikajaa.

"Niuzie hao," alisema Kokubanza. "Bei ya sokoni, mara mbili."

"Hapana, Bibi. Ndio wa kwanza mwaka huu. Nampelekea mama, kule kwake Nshambya."

"Mara tano."

"Hata kumi, siuzi."

"Basi na wewe tumekuondoa kwenye hesabu."

Rwekaza akasimama, kofia mkononi. Kisha akacheka mpaka senene wawili wakatoroka.

Jumamosi, kwenye mkutano wa kijiji, hakuanza na majumlisho. Alianza na yale majibu yaliyotakiwa kuondolewa, akayasoma yote thelathini na nane, jina kwa jina, huku watu wakishangilia kama wako harusini. Ndipo kura zikapigwa. Rweya ilipata mikono isiyohesabika. Paina ilipata miwili, yote ya Karugendo, fundi seremala, aliyeinua wa kulia na wa kushoto.