Sufuria Mbili Kwenye Picha

Mwongeli alikuwa amepata kazi ya saluni huko Kawangware, na jioni hiyo alikaa kitandani na bibi yake Kaluki, nyumbani kwao Laini Saba, wakichagua chumba cha kupanga kwenye simu. Kidole kinasukuma, chumba kinakuja. Vigae vinang'aa, taa ni nyeupe, na hakuna hata kimoja chenye dalili ya mtu.

Kaluki hakuwa akitafuta vigae. Mjukuu wake ana kifafa, na kila kilipomwangusha hapa ploti, kwenye vyumba vyao vya kupanga, kuna aliyemlaza ubavu, kuna aliyesogeza jiko, kuna aliyemfunika leso. Huko aendako, nani atasikia kishindo? Na Mwongeli alikuwa amemwapisha asimwambie mtu yeyote huko, maana alichoka kutazamwa kama yai.

"Hebu rudisha hicho," Kaluki akasema.

Mwongeli akamgeukia bibi yake akicheka. "Susu, hii keja? Mlango umechubuka, na picha imepigwa vibaya hadi jiko la jirani limeingia."

"Ndilo nataka kuona hilo jiko. Likuze."

Juu ya makaa palikuwa na sufuria kubwa. Kando yake, pale penye joto, palikuwa na sufuria ndogo iliyofunikwa kwa sahani. Kaluki akasema hapo kuna mtu anayemwekea mwenzake chakula. Mwongeli akamtania kwamba anachagua mboga, si chumba. Lakini Jumamosi wakaenda.

Kumbe picha ilikuwa ya zamani. Jiko halikuwepo, na milango yote ilikuwa imefungwa. Mwongeli alikuwa ameshatoa simu watafute kwingine pale mvua ilipoanza kudondoka. Mlango mmoja ukafunguka, mama mmoja akakimbilia kamba, akaanua nguo zote, zake na za wengine, akawa anawatundikia majirani nguo zao milangoni, chini ya paa. Alipowaona wageni akawatolea stuli, akasema anaitwa Wakarima.

Kaluki akamwonyesha ile picha, akauliza habari za sufuria ndogo.

"Ya Filister, wa hapo mwisho," Wakarima akasema. "Hutoka kazi amechoka sana. Bado namwekea, ni vile siku hizi napikia gesi."

Kaluki akafungua mdomo, akakumbuka kiapo, akaufunga.

Mwongeli alikuwa akiitazama milango ile yenye nguo. Akasema polepole, "Mama, mimi huwa naanguka. Ni kifafa. Ukisikia kishindo, nilaze tu ubavu."

Wakarima hakurudi nyuma. Akauliza, "Na huwa unajifungia kwa ndani? Basi tutatafuta kitasa ambacho naweza kufungua kwa nje, ufunguo mmoja ubaki kwangu."

Mwongeli akageuka amwangalie bibi yake. Kaluki alikuwa ameinama chini ya kamba, akiokota soksi iliyoanguka, ya mtu asiyemjua, akaikung'uta matope na kuanza kuuliza ni ya mlango gani.