Ua la Sumaya kwenye Kifua cha Shujaa

Hina ya harusi ya binti yangu niliikuta kifuani kwa mwanamume asiye na shati, mwenye pembe mbili kichwani na shoka mkononi.

Ilikuwa Jumatano, baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimekwenda kwa Fadhili, mwenye chumba cha kompyuta nyuma ya soko la Rumonge, kuchukua kadi za mwaliko alizotuchapishia. Alikuwa amekaa na Aruna, fundi seremala, wamenipa mgongo wote wawili, wanabishana mbele ya skrini mbili. Nilitoa salamu. Hawakuisikia.

Wanacheza michezo ile ya mtandaoni ambamo watu wa nchi nyingi wanaingia pamoja, kila mmoja na shujaa wake anayemlea, anayemvika na kumpeleka vitani. Aruna ana mchezo wake, Fadhili ana wake.

"Angalia ngozi hii," Aruna alikuwa akisema. "Iko na jasho. Iko mpaka na kovu. Hii ndiyo grafiki, ndugu yangu. Ya kwako ni katuni ya watoto."

"Ya kwangu imechorwa. Ya kwako inaiga kamera. Ngoja miaka mitano, hiyo ngozi itakuwa kama plastiki ya ndoo. Mchoro hauzeeki."

"Shujaa wako ana macho kama sambusa!"

"Na wako ana sura ya mtu aliyekosa basi la Bujumbura."

Ili kumaliza ubishi walikuwa wamewachora mashujaa wote wawili nakshi moja, waone ni wapi inapendeza zaidi. Nakshi hiyo, ua moja kubwa na majani yake, ilikuwa yangu.

Kwetu, hina ya bibi harusi inabuniwa na mama yake. Anaichora kwanza kwenye karatasi, kisha anaificha. Haonyeshwi mtu, hasa bwana harusi, mpaka siku bibi harusi anapotolewa nje. Hakuna aliyewahi kuivaa kabla yake, na hakuna atakayeivaa baadaye. Kila mstari wa ile niliuchora nikimwombea Sumaya: huu subira, huu uzazi, huu nyumba yenye amani. Karatasi nilimpa Fadhili mwenyewe, anitolee fotokopi kubwa kwa sababu macho yangu yamechoka. Nilisimama pale pale mpaka akanirudishia. Sikujua kwamba mashine inabaki na picha yake.

"Fadhili. Hiyo umeitoa wapi?"

Waligeuka. Fadhili akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililoniunguza.

"Mama Sumaya! Karibu, keti uone. Watu wa Brazili wanauliza nani amechora. Nimewaambia ni mama mmoja wa kwetu."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Lakini mama, nimekusifu."

"Na jani hili nililiacha wazi."

"Lile? Nilidhani umesahau. Nikakufungia."

Jani lile mama hulifunga mwisho kabisa, kwa dua, mkono wa mwanawe ukiwa ndani ya mkono wake. Fadhili alilifunga kwa kidole, akinywa soda.

Nilizitazama skrini zote mbili. Nilitaka kujua tumeibiwa kiasi gani. Kwa Aruna, ua langu lilikuwa limelala juu ya vinyweleo, liking'aa kila jua linapolipiga, kama mafuta ya mawese ambayo mtu hajayaosha. Kwa Fadhili, mistari ilikuwa imenenepeshwa na rangi imekolezwa, na shujaa alipovuta pumzi ua lote lilifunguka. Lilikuwa zuri. Hapo ndipo hasira ilipopanda kweli: lilikuwa zuri, na Sumaya alikuwa hajaliona.

Nyuma ya shujaa wa Fadhili alisimama mwingine, mwenye ngao. Kwenye ngao, ua lile lile.

"Na huyu ni nani?"

Fadhili aliinamia kibodi. Aruna akasema, "Si ni Djibril," kisha akafunga mdomo, amechelewa.

Djibril ndiye bwana harusi.

"Hajui ni ya nani, wallahi," Fadhili alisema. "Aliipenda tu."

"Futa."

"Ya kwangu nafuta sasa hivi. Za wengine siwezi, mama. Imeshakwenda."

Nilirudi nyumbani bila kadi. Nilijaribu kuswali magharibi, nikajikuta kwenye sijda namgombeza Fadhili badala ya kumwita Mungu. Nikaanza tena. Kisha nikamweleza Sumaya kila kitu. Hakulia. Alimpigia Djibril simu, naye akaja mbio kwa pikipiki kutoka Gatete.

"Sumaya, ni mchezo tu," alisema kabla hajakaa.

"Kama ni mchezo tu, mfute huyo shujaa wako."

"Nitamnyang'anya ngao. Saa hii hii, mbele yako."

"Sikusema ngao."

"Nimemlea tangu nikiwa mwanafunzi wa lise! Kundi zima linamtegemea. Jumapili tuna vita."

"Jumamosi una harusi," Sumaya alisema. "Au huna. Chagua."

Djibril alinitazama mimi, labda nimsaidie. Sikumsaidia. Alitoa simu. Mchezo ukamuuliza kama ana hakika, ukamuuliza tena. Alibonyeza, akaweka simu kifudifudi kwenye mkeka, akaondoka bila kunywa chai tuliyomwandalia.

Jumamosi sikushika karatasi. Nilimchora Sumaya moja kwa moja kwenye ngozi, bila kujua mstari unaofuata utakwenda wapi. Mkono wangu ulikuwa mzito na mistari ikatoka minene, mikali, kama ya mtu anayebishana. Nje wanawake wa kina Djibril walikuwa wameanza vigelegele.

"Mama, unaniumiza," Sumaya alisema.

Nililegeza vidole. Nilimwomba Mungu aniondolee hasira kabla hina haijakauka. Hina ilikauka kwanza.