Tafadhali Ingia Tena

Sina subira na watu wanaoacha akaunti zao wazi miaka nenda miaka rudi, halafu wakiibiwa wanatulaumu sisi mafundi. Kwa hiyo ofisini nilishika uzi uleule: kila anayetumia programu yetu ya kutumiana ujumbe wa sauti atolewe kwenye akaunti yake kila mwezi, hata kama anaifungua kila siku, aingie upya kwa neno la siri. Akilisahau, namba za kulibadilisha zitumwe kwenye laini yake tu. Wenzangu walinung'unika weee, sikuwajali.

Asubuhi ile sheria ilipoanza kazi, mama alinipigia.

"Mwanangu, simu ya mdogo wako imegoma."

Mdogo wangu, tuliyezoea kumwita Kidevu, tulimzika mwaka jana. Sikujua kwamba mama alikuwa akiichaji simu yake, na kila akimaliza kufua anaketi kitandani kusikiliza sauti yake humo.

"Inataka neno la siri," alisema. "Nimebonyeza pale pa kusahau, wanasema wametuma namba kwenye laini yake."

Laini ile tuliifunga wenyewe baada ya mazishi.

"Nisomee kilichoandikwa hapo juu, mama," nilisema, kwa mazoea tu ya kazi. Maneno yale niliyatunga mimi. Aliyasoma polepole, moja moja.

"Tumekutoa kwa usalama wako. Tafadhali ingia tena."

Kisha akaniuliza, "Sasa ataingiaje, mwanangu?"